Uzamili, uzamivu na makongamano ya kompyuta Afrika Mashariki: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Dirisha la udahili likifunguliwa, simu yangu hugeuka dawati la maulizo. Wanaopiga ni wahitimu wa Dodoma, watu wa mifumo kwenye mabenki ya Nairobi, walimu wa Unguja, wauguzi walioanza kupenda data. Maswali ni yale yale, basi nimeyajibu hapa mara moja. Ada na tarehe za mwaka huu zitafute kwenye tangazo la chuo chenyewe, maana hubadilika kila msimu.

## Kabla ya kuomba

1. Uzamili na uzamivu vinatofautianaje katika kompyuta?

Uzamili, ambao wengine huuita umahiri, ni shahada ya pili: unasoma masomo ya juu, kisha unafanya utafiti mmoja chini ya msimamizi. Uzamivu ndio udaktari. Katika mfumo wa sifa za vyuo vikuu Tanzania, shahada ya kwanza iko ngazi ya 8, uzamili ya 9, uzamivu ya 10.

Kwenye uzamili unaonyesha kwamba unaweza kuchukua mbinu zinazojulikana na kutatua nazo tatizo. Kwenye uzamivu unadaiwa kitu ambacho hakikuwepo kabla yako: algoriti (yaani mpangilio wa hatua za kutatua tatizo), uthibitisho, seti ya data, au maelezo mapya ya jambo la zamani. Aplikesheni nzuri ya kuuzia nyanya ni kazi ya heshima na huenda ikakutajirisha, ila haitoshi kuwa uzamivu.

2. Natakiwa kuwa na GPA ngapi?

Kwa Tanzania, kwenye wigo wa 5, mlango wa uzamili huanzia 2.7, ambapo daraja la pili la chini linaanzia. La juu linaanzia 3.5 na la kwanza 4.4. Vyuo vingi vya Kenya hutaka daraja la pili la juu, au la chini likisindikizwa na uzoefu wa kazi.

Ukiwa chini ya 2.7, njia ya kawaida ni stashahada ya uzamili kwanza, uipasue vizuri, ndipo uombe. Na kama hofu yako ni sapu mbili za mwaka wa kwanza, lala usingizi. Kamati hutazama zaidi ulivyomaliza kuliko ulivyoanza.

3. Sikusoma kompyuta shahada ya kwanza. Nitachukuliwa?

Hisabati, fizikia, takwimu na uhandisi wa umeme huingia bila shida kubwa. Biashara, ualimu au uuguzi hutegemea programu: sayansi ya data, mifumo ya habari na informatiki ya afya hupokea watu wa fani nyingi, ilhali sayansi ya kompyuta yenyewe huuliza umesoma nini hasa.

Usidhani tatizo litakuwa kuandika programu. Hilo hujifunza mtu kwa miezi sita akiwa na nia. Kinachowaangusha wengi ni hisabati: aljebra ya matriki, uwezekano, na uchambuzi wa algoriti. Ukiwa na mwaka mmoja kabla ya kuomba, utumie huko.

4. Vyuo gani vya kufikiria?

Nitataja ninavyovifahamu tu, na mpangilio wangu si wa ubora.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina ndaki yake ya TEHAMA, CoICT. Wageni hupotea hapa kila mwaka: haiko Mlimani, iko Kijitonyama, karibu na kituo cha daladala cha Sayansi, jirani na COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa 2007, kina ndaki yake ya informatiki, CIVE. Arusha, upande wa Tengeru, kuna Taasisi ya Nelson Mandela, ambayo haina shahada ya kwanza kabisa. Kila unayekutana naye korido ni wa uzamili au uzamivu, na hilo hubadilisha hata mazungumzo ya kantini. Hapo pia ndipo kilipo CENIT@EA, kituo cha ubora cha TEHAMA cha Afrika Mashariki kilichoanzishwa kwa msaada wa Ujerumani, chenye uzamili wa mifumo pachikwa (kompyuta ndogo zilizofichwa ndani ya vifaa) na ya simu.

Nairobi, idara ya kompyuta na informatiki ya Chuo Kikuu cha Nairobi iko Chiromo. Kampala, Makerere wana ndaki ya kompyuta, CoCIS, na maabara ya akili unde (AI) inayojulikana kwa kazi ya kutambua magonjwa ya mihogo kwa picha za simu. Kigali kuna Carnegie Mellon University Africa, iliyoanza 2011, ambako shahada unayopewa ni ile ile ya Carnegie Mellon ya Pittsburgh. Chuo Kikuu cha Rwanda nacho kina vituo vya ubora vya sayansi ya data na vya intaneti ya vitu (vifaa vya kila siku vilivyounganishwa na mtandao).

Ushauri wangu: usichague chuo, chagua watu watatu unaotaka kufanya kazi nao, halafu uone wako wapi.

5. Nichague kozi na tasnifu, au tasnifu tupu?

Kozi na tasnifu, isipokuwa tayari una tatizo la utafiti, data na msimamizi anayekusubiri. Anayeingia tasnifu tupu bila hayo matatu humaliza mwaka mzima akibadilisha kichwa cha habari.

Uzamivu wetu umerithi desturi ya Uingereza, ambapo mara nyingi hakuna madarasa na unaanza na pendekezo siku ya kwanza. Ndiyo maana swali la 6, la kutafuta msimamizi, nimelijibu kwa urefu.

## Msimamizi na pendekezo

6. Kwa nini kila mtu ananiambia nitafute msimamizi kabla ya kuomba?

Kwa sababu ombi lako litafika mezani kwa idara, na swali litakaloulizwa pale ni moja: nani atamsimamia huyu? Akipatikana mmoja wa kusema "ninamfahamu, tuliongea kwenye semina", faili linasogea. Asipopatikana, faili lenye GPA ya 4.2 hubaki chini ya rundo. Nimeona yote mawili.

Namna ya kumfikia: soma makala mbili za karibuni za mtu huyo, uzisome kweli, kisha uandike barua pepe fupi. Mfano wa kitu kinachofanya kazi:

"Daktari, habari za kazi. Nimesoma makala yenu kuhusu kutambua magonjwa ya mihogo kwa picha. Naona kwenye jedwali la mwisho mfumo unakosea zaidi picha zikiwa na mwanga hafifu. Nimejaribu na picha 200 nilizopiga shambani kwetu Mkuranga jioni, na makosa yanafanana. Ningependa kulifuata hili kwenye uzamili. Je, mnapokea wanafunzi mwaka huu? Nimeambatisha wasifu wa ukurasa mmoja."

Barua isiyofanya kazi inajulikana kwa harufu: haina jina la mtu, inasema "nina shauku kubwa ya akili unde", na imetumwa kwa wahadhiri arobaini ambao wote wanaona anwani za wenzao.

Bora kuliko barua ni sura. Nenda kwenye semina (swali la 10), uliza swali moja la maana, baadaye ujitambulishe mlangoni. Wasimamizi wengi niliowaona wakikubali mwanafunzi kwa moyo mweupe walikuwa wameshamwona kabla hajaomba.

7. Nimeandika, hajajibu. Nifanyeje?

Subiri wiki mbili, kumbusha mara moja kwa mistari miwili, kisha nenda kwa mwingine. Msimu wa mitihani hakuna anayejibu. Kumpigia simu usiku, hapana. Kama una rafiki aliyesimamiwa na mtu huyo, salamu zake husaidia, na muulize pia kama msimamizi mwenyewe husoma rasimu. Wako maprofesa maarufu ambao rasimu hukaa kwao hadi karatasi inabadilika rangi.

8. Pendekezo liwe na kurasa ngapi, na kosa kubwa ni lipi?

Kwa maombi, kurasa mbili hadi tano hutosha, isipokuwa chuo kimetaja vingine. Kosa kubwa ni kuanza na mbinu: "Nitatumia mitandao ya neva kwa kilimo." Anza na mtu mwenye tatizo. Nani anaumia, anaumiaje, wengine wamejaribu nini, walikwama wapi, wewe utapima nini ili tujue umefanikiwa. Kama hujui utapima nini, bado huna pendekezo.

9. Naweza kufanya utafiti wa kompyuta kuhusu Kiswahili? Na tasnifu yenyewe je, kwa Kiswahili?

Kuandika tasnifu ya kompyuta kwa Kiswahili, kwa sasa usitegemee. Idara hizi hufundisha na kutahini kwa Kiingereza. Kuitafiti lugha yenyewe ni jambo jingine, na hapa niruhusu nirefushe kidogo.

Chukua neno *tulivyowaandikia*. Ndani yake mna tu-li-vyo-wa-andik-i-a: mtenda, wakati, namna, mtendewa, mzizi, kauli ya kutendea na kiishio. Vipande saba, neno moja. Mfumo uliofunzwa kwa Kiingereza hulikatakata ovyo kama mchinjaji asiyejua viungo. Mfini Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alitumia miaka mingi kujenga SALAMA, mfumo wa kanuni wa kuchanganua Kiswahili, na Helsinki ndiko ilikokusanywa moja ya kopasi (mikusanyo ya matini) kubwa za lugha yetu. Inanikera kidogo kwamba ilibidi iwe huko, lakini kazi ni nzuri.

Siku hizi kuna jumuiya ya Masakhane, inayounganisha watafiti wa lugha za Kiafrika. Jina ni la Kizulu, maana yake tujenge pamoja. Seti yao ya data ya kutambua majina, MasakhaNER ya 2021, ilianza na lugha kumi na Kiswahili kimo. Mradi wa Common Voice wa Mozilla nao unakusanya sauti za Kiswahili. Kwa hiyo uzamili wa mada hii unaweza kuanza na data iliyopo, bila kusubiri fedha. Maeneo ambayo naona bado yana njaa: lahaja za pwani na visiwani, Kiswahili cha Kongo, na Sheng, ambayo hubadilika kabla hujamaliza kuiwekea alama.

## Semina, warsha na makongamano

10. Semina za idara ni za wanafunzi tu?

Mara nyingi ziko wazi, na mtu wa nje akiingia kimya akakaa nyuma hakuna anayemuuliza kitu. Utetezi wa tasnifu pia, vyuo vingi huacha sehemu ya wasilisho wazi. Nenda ukaone mmoja kabla hujaanza masomo yako mwenyewe. Ukiwaona watahini wakimhoji mtu dakika ishirini kwa nini alichagua sampuli ile na si nyingine, pendekezo lako utaliandika kwa adabu zaidi.

Jambo dogo linalowakosesha watu: tangazo la Kiingereza likiandika 3:00, maana yake ni saa tisa alasiri. Kila muhula kuna anayefika saa tatu asubuhi na kukuta mlango umefungwa.

11. Matukio gani niyaweke kwenye kalenda?

*Deep Learning Indaba.* Ni mkutano wa Afrika wa akili unde. Hufanyika kila mwaka, kwa kawaida Agosti au Septemba, na nchi mwenyeji hubadilika: ilianza Johannesburg 2017, ikaja Nairobi 2019, na 2025 ilikuwa Kigali. Unaomba kuhudhuria, na wanaokubaliwa wengine hupewa nauli na malazi. Kwa mwanafunzi wa uzamili hakuna mahali pazuri zaidi pa kupata marafiki wa kisomi barani. Matawi yake ya kitaifa, IndabaX, ni madogo na rahisi kuyafikia. Anza na hayo.

*Data Science Africa.* Ilianzia Nyeri, Kenya, 2015, na 2017 ilikuwa Arusha. Ina siku za mafunzo kwanza, kisha warsha, kwa hiyo anayeanza hapotei.

*IEEE AFRICON.* Ya miaka ya witiri: 2021 Arusha, 2023 Nairobi. Hii ni ya uhandisi zaidi, mawasiliano na umeme vikiwemo.

*ICLR*, kongamano la dunia la akili unde, si yetu, ila iliwahi kutujia. Ilipangwa kuwa Addis Ababa 2020, korona ikaihamishia mtandaoni, hatimaye ikafanyika Kigali Mei 2023. Raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki waliingia na pasipoti tu, bila viza, jambo lenye uzito kuliko linavyosikika (tazama swali la 15).

*ICPC*, mashindano ya kuandika programu: watu watatu, kompyuta moja, saa tano. Ni ya wanafunzi wa shahada ya kwanza hasa, lakini kanuni hutazama umri na mwaka ulioanza chuo, hivyo aliyeingia uzamili moja kwa moja huenda bado anafaa.

12. "AoE" kwenye tarehe ya mwisho ni nini?

Ni kifupi cha "Anywhere on Earth", popote duniani: saa ya mahali pa mwisho duniani ambapo tarehe hiyo bado haijaisha, saa kumi na mbili nyuma ya saa ya kimataifa. Sisi tuko saa tatu mbele. Kwa hiyo tarehe ya mwisho ya 15 Machi, 23:59 AoE, kwetu ni 16 Machi saa 8:59 mchana.

Mwaka wangu wa kwanza sikulijua hili. Nilituma makala yenye majedwali mabovu saa sita kasoro dakika moja usiku, nikalala na huzuni, asubuhi nikaambiwa nilikuwa na saa kumi na tano zaidi. Makala yalikataliwa, na kwa haki.

13. Makala yangu yamekubaliwa. Nani analipa?

Uliza mapema, kwa mpangilio huu: waandaaji (makongamano mengi hupunguza ada kwa wanafunzi na kwa nchi zetu, ila fomu hufungwa haraka), mradi wa msimamizi, kurugenzi ya utafiti ya chuo, mwajiri. Kuwasilisha kwa mtandao ni bei nafuu, lakini utakosa chai ya mapumziko, na kazi nyingi za kisayansi huanzia kwenye chai.

14. Nitajuaje kongamano ni la kitapeli?

Wamekuita "Profesa Mashuhuri" na wewe bado una deni la ada ya muhula. Wanapokea makala za kompyuta, udaktari wa meno na ufugaji kwa pamoja. Wanakubali ndani ya siku mbili bila maoni ya mhakiki hata mmoja. Hoteli imetajwa kwa fonti kubwa kuliko kamati.

Hakiki kwa kutazama DBLP, orodha huru ya machapisho ya kompyuta, kama matoleo yaliyopita yamo. Kisha mwandikie mmoja wa waliotajwa kwenye kamati. Wengine hawajui kabisa kwamba majina yao yametumika. Ukiona umeshalipa, mwambie msimamizi siku hiyo hiyo, kabla makala haijatoka na kukuharibia nafasi ya kuichapisha kwingine.

15. Nimenyimwa viza. Makala yangu yataondolewa kwenye kongamano?

Kwa kawaida hapana. Waandikie waandaaji mara moja ukiambatisha barua ya kukataliwa, uombe kuwasilisha kwa video au kupitia mwandishi mwenza. Hili si aibu yako: mwaka 2018 na 2019 watafiti wengi wa Kiafrika walinyimwa viza za Canada walipotaka kuhudhuria NeurIPS, kongamano jingine kubwa la akili unde, na jambo likawa habari ya dunia. Kwa safari za nje ya bara omba barua ya mwaliko siku ile ile makala yanapokubaliwa.

16. Bango la kuwasilishia lichapwe wapi na kwa ukubwa gani?

A0, yaani milimita 841 kwa 1189, isipokuwa wamesema tofauti. Chapisha kwenye kitambaa: linakunjwa kama kanga, linaingia begini, na hulipii mzigo wa ziada wa bomba la kubebea bango la karatasi.

## Fedha na kazi

17. Ufadhili unapatikana wapi?

DAAD, shirika la Ujerumani la kubadilishana wasomi, ina ufadhili wa kusoma ndani ya nchi au kanda kupitia vyuo na vituo vilivyochaguliwa. Jumuiya ya Madola ina wa kwenda Uingereza. CMU-Africa imekuwa na ufadhili mkubwa wa Mastercard Foundation. Zaidi ya hayo kuna njia isiyotangazwa sana: mradi wa utafiti wenye fedha za mwanafunzi mmoja au wawili. Nafasi hizo hujazwa na waliokwisha kuonekana, na hapo tunarudi swali la 6.

Kwa mahitaji ya mitambo, usikope kununua kompyuta ya bei ya kiwanja. Majaribio mengi ya uzamili hutosha kwenye Colab au Kaggle, kompyuta za kuazima mtandaoni, bila malipo, mradi umejifunza kuhifadhi kazi kabla muda haujakukatia.

18. Nimeajiriwa. Nitaweza?

Masomo ya jioni, ndiyo. Tasnifu ndiyo inayowashinda walioajiriwa, kwa kuwa haina kengele. Omba ruhusa ya masomo kwa maandishi, angalau ya miezi ile ya kukusanya data na kuandika. Bosi aliyekubali kwa mdomo huhamishwa.

## Ukishaingia: mambo ya pembeni

19. Nahitaji kibali kukusanya data?

Kenya, mtafiti hupata leseni ya NACOSTI, tume ya sayansi ya huko, mwanafunzi naye yumo. Tanzania, mwanafunzi huanza na barua ya kibali ya chuo chake, na mtafiti kutoka nje hupitia COSTECH. Data za wagonjwa huhitaji idhini ya maadili ya utafiti wa afya. Juu ya hayo kuna sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022. Kuchota ujumbe wa watu kwenye kundi la WhatsApp la mtaa kwa sababu "umo tayari ndani" si ruhusa. Anza mapema, vibali vimechelewesha tasnifu nyingi kuliko algoriti.

20. Msimamizi wangu amestaafu, amehama au hatuelewani.

Omba msimamizi wa pili tangu mwanzo, hata mambo yakiwa shwari. Akiondoka wa kwanza, andika kwa mkuu wa idara ukieleza ulipofikia, usimtaje ubaya. Kama ni kutoelewana, weka kumbukumbu ya kila kikao kwa barua pepe fupi: tulikubaliana hili, nitaleta lile. Mara nyingi barua hizo peke yake humaliza ugomvi.

21. Naweza kusimamisha masomo kwa uzazi au ugonjwa?

Ndiyo, kwa kuomba kuahirisha rasmi kabla au mara tu jambo linapotokea. Anayetoweka kimya akarudi baada ya mwaka hukuta ameshadisko, yaani ameshafutwa masomo.

22. Shahada yangu ni ya nje, au ya Kongo kwa Kifaransa.

Kwa Tanzania, shahada ya nje hutambuliwa kwanza na TCU, Tume ya Vyuo Vikuu. Anza miezi kadhaa kabla, na vyeti vya Kifaransa vitafsiriwe na mfasiri anayetambulika. Kwa ndugu zetu wa Lubumbashi, Goma na Bukavu waliosoma mfumo wa zamani: graduat ya miaka mitatu peke yake huzua maswali, licence ya miaka miwili juu yake ndiyo hukubalika kwa wepesi. Ombeni pia nakala ya matokeo yenye saa za kila somo, muhuri na sahihi, na mchukue mbili. Kuifuata ya pili ukiwa Dar ni safari ndefu.